Kete Sitini na Nne, Mtumbwi Mmoja

Mtoto anayependa hesabu huchoka haraka na maswali ya mwisho wa sura. Anatafuta kitu kitakachomsumbua kichwa hata akiwa anachota maji au yuko nyuma ya ng'ombe. Mzazi wake, tuseme anaishi Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga ulipo uwanja wa ndege, hujiuliza amnunulie nini. Madukani mjini atakuta karata, ludo, ubao wa drafti, na siku hizi ule mchemraba wa rangi sita unaozungushwa mpaka kila upande uwe na rangi moja. Vyote vizuri. Lakini kabla hajatoa pesa, ningependa tuangalie pamoja jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyopeana hesabu kwa njia ya mchezo, kwa sababu ukiwalinganisha unaona kwamba kitu chenyewe kina thamani ndogo kuliko masharti yanayokuja nacho. Anayejua kuchagua masharti anaweza kutoa zawadi kubwa kwa mbegu za ukwaju.

Nianze na namba moja inayopatikana kila mahali: 64.

Ubao wa drafti tunaouchezea kwa vizibo vya soda una vyumba 64, sawa na wa sataranji. Juu ya vyumba hivyo Waarabu walikuwa na hadithi ambayo mwandishi Ibn Khallikan aliiandika katika karne ya 13. Mfalme alimwambia aliyebuni sataranji achague zawadi. Yule bwana akaomba punje moja ya nafaka kwenye chumba cha kwanza, mbili kwenye cha pili, nne kwenye cha tatu, kila chumba mara mbili ya kile kilichotangulia. Mfalme akaona ni ombi dogo. Jumla ya vyumba vyote ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Mkulima wa Shinyanga anaweza kuipima kwa mtama: ikiwa punje moja ina uzito wa miligramu 30 hivi, hayo ni magunia ya kilo 100 zaidi ya trilioni tano. Hakuna ghala.

Mwaka 1883 mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas alitoa mchezo ulioitwa Mnara wa Hanoi. Kuna vijiti vitatu, na visahani vya ukubwa tofauti vimepangwa kwenye kijiti kimoja, kikubwa chini, kidogo juu. Unavihamishia kijiti kingine kwa masharti mawili: kila safari unabeba kimoja tu, na kikubwa kisikae juu ya kidogo. Mchezo uliouzwa ulikuwa na visahani 8, ambavyo huhitaji hatua 255. Uliambatana na hadithi ya hekalu lenye visahani 64 vya dhahabu ambako makuhani huvihamisha bila kupumzika, na siku watakayomaliza dunia itakwisha. Hatua zinazohitajika ni idadi ileile ya punje za mfalme. Kwa hatua moja kila sekunde, kazi hiyo itachukua takribani miaka bilioni 585.

Ni zawadi isiyohitaji duka. Chora miduara mitatu sakafuni kwa chaki na uchukue vifuniko vya sufuria. Vifuniko vitatu, hatua 7. Vinne, hatua 15. Vitano, 31. Mtoto makini hatafika mbali kabla hajagundua kwamba ili asogeze kifuniko kikubwa kuliko vyote, lazima kwanza awe amehamisha vile vya juu yake vyote, halafu avihamishe tena. Kwa hiyo kila kifuniko kinachoongezwa kinafanya kazi iwe maradufu na hatua moja juu yake. Hapo ameshika hoja ambayo wanafunzi wengi hukutana nayo mara ya kwanza chuoni, tena ameishika kwa mikono. Mimi sijui mchezo mwingine unaoileta hoja hiyo karibu namna hii kwa gharama ndogo hivyo, na Lucas anastahili shukrani.

Sasa tuje kwenye 64 ya kwetu.

Bao la Kiswahili, lile la mabaraza ya Unguja, Mombasa na Lamu, lina safu nne za mashimo manane na kete 64, mara nyingi komwe. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mchezo ukianza, kila mmoja anaweka kete 10 tu ubaoni, yaani 6 kwenye shimo liitwalo nyumba na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingiza ubaoni mojamoja. Zikiisha mkononi, mnaingia kwenye mtaji, ambapo unaokota kete za shimo lako na kuzisambaza.

Tazama hatua moja ya mtaji kwa karibu. Hesabu mashimo ya safu yangu ya mbele kutoka kushoto, 1 hadi 8. Shimo la 2 lina kete nne. Naziokota na kwenda kulia: moja kwenye shimo la 3, moja la 4, moja la 5, na ya mwisho inaangukia la 6, ambalo tayari lilikuwa na kete. Mkabala wake, upande wa mpinzani, kuna kete nne. Nimekula. Hizo nne hazitoki nje ya ubao. Nazirudisha kwenye kichwa cha safu yangu, shimo la 1, na kuzisambaza: la 1, la 2 ambalo nililiacha tupu, la 3, la 4. Shimo la 4 lilikuwa na kete moja tangu mwanzo, likapata ya pili nilipopita, sasa ya tatu. Mkabala wake kwa mpinzani hakuna kitu, kwa hiyo sili. Naokota zote tatu na kuendelea: la 5, la 6, la 7. La 7 lilikuwa tupu. Hapo nimelala, na zamu ni ya mwenzangu. Mchezaji mzuri aliyaona yote hayo kabla hajagusa kete ya kwanza, na akaona pia mpinzani atajibu nini.

Kinachonishangaza kila mara ni hizo kete nne zilizoliwa. Katika hadithi ya mfalme namba inakua mpaka inapasua ghala. Katika bao namba haikui wala haipungui. Zikishashuka ubaoni zote ni 64 na zitabaki 64 mpaka mtu ashindwe, ama kwa safu yake ya mbele kubaki tupu au kwa kukosa pa kucheza. Mali inahama upande, basi. Hata hivyo ndani ya idadi hiyo isiyobadilika kuna uwezekano mwingi kupita kiasi: njia za kugawa kete 64 katika mashimo 32 ni takribani 1 ikifuatwa na sifuri 25, yaani mara mamia ya maelfu zaidi ya punje zote za mfalme. Vitu 64 vilevile. Sharti la kuzidisha maradufu linakupa hesabu ya ukuaji, na sharti la kuzungusha linakupa hesabu ya mpangilio. Shule zetu zinafundisha vizuri ile ya kwanza, tunaiita mfuatano wa kijometri. Ya pili tumewaachia wazee wa barazani, na nadhani watoto wamepunjwa.

Maana hesabu ya bao si ya kubahatisha. Mashimo yangu 16 ni duara. Kete 16 zikisambazwa kutoka shimo moja, ya mwisho inarudi palepale ilikotoka; kete 19 zinaishia mahali ambapo kete 3 zingeishia. Ni hesabu ya saa, ambapo saa kumi ukiongeza saa tano unapata saa tatu, ila hapa saa ina namba 16. Na sheria za bao zinasema shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kula kwenye mtaji: nadhani waliotunga sheria hiyo waliona kwamba anayezunguka duara zima na kula anarudi juu ya nyayo zake. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akachapisha tasnifu juu ya ubingwa wa bao na mipaka ya akili ya binadamu. Alilifanyia bao utafiti wa aina ambayo sataranji ilikuwa imefanyiwa kwa miaka mingi, na ndiyo heshima inayolistahili.

Ukivuka mipaka, masharti yanabadilika na hesabu inabadilika nayo. Waganda wana omweso, ubao wa mashimo 32 na kete 64 kama sisi, lakini hakuna kunamua. Kila mchezaji anapanga kete zake 32 apendavyo kabla ya vita. Na anayekula hapeleki kete kwenye kichwa cha safu. Anaanza kuzisambaza pale alipoanzia mzunguko wake. Badiliko hilo dogo linatosha kumfanya bingwa wa Unguja awe mwanafunzi akifika Kampala. Oman, walikoishi na wanakoishi watu wengi wenye asili ya pwani yetu, kuna hawalis, yenye mashimo saba kwa safu badala ya manane, na duara la kila mchezaji likawa la 14. Afrika Magharibi wanacheza oware yenye safu mbili, mashimo 12, kete 48, na huko kete iliyoliwa inatolewa nje kabisa. Kwa kuwa kete zinapungua na ubao ni mdogo, kompyuta ilifanikiwa kuimaliza: mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit, Amsterdam, walikokotoa hali 889,063,398,406 za ubao na kuthibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Oware bado ni mchezo mtamu. Ila jibu lake linajulikana.

Usukumani ndugu wa bao anaitwa isolo. Walioyaandika masharti yake wametaja namna tatu: ya upande wa kike, ya wavulana, na ya wanaume. Jambo hili linanigusa, kwa kuwa pwani bao la barazani limekuwa la wanaume, na binti anayetaka kujifunza hulitazama akiwa mbali. Hapa Shinyanga mila yenyewe imempa msichana nafasi ubaoni. Mzazi wa Ibadakuli anayefikiri mchezo wa mashimo na kete ni wa kaka tu hana mila ya kuegemea. Achimbe mashimo ardhini chini ya mti, au amwombe seremala achonge ubao wa mninga, akusanye mbegu 64 za ukwaju, na amkalishe binti yake mbele ya bibi anayejua.

Kama hakuna anayejua, aanze na bao la kujifunza: kete mbilimbili kwenye kila shimo, hakuna za mkononi, mnaingia mtaji moja kwa moja. Sheria kamili za kunamua na nyumba ni nzito kwa mtoto wa miaka minane na zinaweza kumkatisha tamaa. Zitakuja.

Na mchemraba wa rangi? Aliubuni Ernő Rubik wa Hungaria mwaka 1974. Una hali 43,252,003,274,489,856,000, zaidi ya mara mbili ya punje za mfalme, na mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba kutoka hali yoyote unaweza kuutengeneza kwa hatua zisizozidi 20. Ni kazi ya akili kubwa na sitamkataza mtu kuununua. Upungufu wake kwangu ni mmoja. Masharti yake yamefungwa ndani ya viungo vya plastiki na mtoto hawezi kuyagusa. Isolo masharti yake yako midomoni mwa watu. Mgeni kutoka Tanga akikaa na mwenyeji wa Ibadakuli, kabla ya kete ya kwanza lazima waulizane: hapa kwenu mnakulaje, mnaanzia wapi, nyumba ipo au haipo? Ubishi huo ndiyo mwanzo wa hisabati ya kweli, maana mwanahisabati hafanyi kingine zaidi ya kukubaliana juu ya masharti na kufuata yanakompeleka.

Watoto wa Bakuba, katika Kongo, walimfanyia jambo kama hilo msafiri Emil Torday mwanzoni mwa karne iliyopita: walichora mitandao mchangani na kumtaka aichore bila kuinua kidole wala kupita mstari mara mbili. Wanafunzi wetu hufanya vivyo hivyo na mchoro wa bahasha iliyofunuliwa, ule mraba wenye mistari miwili inayokatana na kofia ya pembetatu juu. Anayeanzia juu hakwami kwa bahati mbaya. Amekwama tangu mwanzo. Kona mbili za chini zina mistari mitatumitatu, namba witiri, na kona za namba witiri zikiwa mbili, lazima uanzie kwenye moja na umalizie kwenye nyingine. Mwanahisabati Leonhard Euler aliandika hoja hiyo mwaka 1736 alipokuwa akifikiria madaraja ya mji wa Königsberg. Sharti la kutoinua kidole ndilo linalogeuza mchoro kuwa hesabu.

Lakini mahali ambapo masharti yanaonekana kwa uwazi zaidi ni kwenye fumbo la mto, kwa kuwa hadithi imesafiri dunia nzima na kila taifa likaibadilisha kidogo. Toleo la Ulaya linapatikana katika mkusanyo wa maswali unaohusishwa na Alcuin wa York, mwanazuoni aliyefariki mwaka 804: mtu anataka kuvuka mto na mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, na mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu; asipokuwepo, mbwa mwitu humla mbuzi na mbuzi hula kabichi. Anavusha mbuzi, anarudi mtupu, anavusha mbwa mwitu, anarudi na mbuzi, anavusha kabichi, anarudi mtupu, anavusha mbuzi tena. Mara saba juu ya maji. Ufunguo ni ile safari ya kurudi na kitu ulichokwisha kukivusha, ambayo mtoto hukataa kuifikiria kwa sababu anaona ni hasara.

Mwanahisabati Mmarekani Marcia Ascher alikusanya matoleo ya Afrika na kuyachapisha mwaka 1990. La Zanzibar ni la kisiasa kidogo. Mgeni anafika kwenye nchi ya sultani na kukataa kulipa kodi. Anapewa mtihani: apeleke chui, mbuzi na majani kwa mtoto wa sultani ng'ambo ya mto. Mtumbwi unabeba mtu na vitu viwili, jambo linaloonekana kuwa nafuu, lakini sharti la ufukoni limekazwa: vitu viwili vyovyote visiachwe pamoja bila mtu. Anavusha chui na mbuzi, anamshusha mbuzi, anarudi na chui, anapakia majani, anavuka. Mara tatu tu. Ona kilichotokea. Chombo kimeongezwa nafasi, sharti limekazwa, na safari zimepungua kwa zaidi ya nusu, ingawa ufunguo umebaki uleule: kurudi na mzigo.

Toleo la Waila wa Zambia ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mtu ana chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja. Anafikiria kumwacha panya moja kwa moja, au kumwacha chui, na moyo unamkatalia, kwa kuwa wanyama hao kwake ni kama watoto. Anaamua kubaki alipo. Hadithi imeishia hapo, na msomaji wa haraka atasema huyu bwana ameshindwa hesabu.

Hakushindwa. Chukua masharti ya kawaida: chui humla mbuzi, mbuzi hula mahindi, panya hula mahindi. Safari ya kwanza lazima abebe kimoja na kuacha vitatu. Akibeba mahindi, chui anamla mbuzi. Akimbeba mbuzi, panya anakula mahindi. Akimbeba chui au panya, mbuzi anabaki na mahindi. Hakuna safari ya kwanza iliyo salama, kwa hiyo hakuna safari. Mtu asiye tayari kupoteza hata mmoja hana jibu jingine zaidi ya kubaki, na uthibitisho wake ni mistari minne. Shuleni mtoto hufunzwa kwamba kila swali lina jibu nyuma ya kitabu. Hapa anapata swali ambalo jibu lake ni "haiwezekani", na anaweza kulitetea mbele ya mtu yeyote.

Mpe basi fumbo la Waila kwa vitu halisi: kizibo kiwe chui, kokoto mbuzi, mbegu ya ukwaju panya, punje ya hindi mahindi, na mto uchorwe kwa kijiti uani. Akishathibitisha kwamba haiwezekani, ongeza nafasi moja kwenye mtumbwi, na hapohapo kaza sharti kwamba chui humla panya pia. Usimwambie kama sasa inawezekana. Jibu lipo, ni safari tatu, na atakuja kukuonyesha mwenyewe ni nani wanaoweza kukaa pamoja kila upande wa mto.